Fremu Ishirini na Moja

Rajabu Mrefu tulimzika mwezi uliopita, na mimi nilikwenda msibani nikiwa nimejiapiza kukaa kimya. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani kwenye mikeka, mimi nimeegemea ukuta kwa sababu nyonga yangu ya kushoto haikunjiki. Waliporudi wakaanza kumzungumzia marehemu, kila mmoja na lake, na sisi tulisikia yote, maana kati yetu na wao palikuwa na ukuta wa mabati tu. Ndipo nikaisikia sauti ya Kibwana. Huyu Kibwana ndiye aliyekuwa mratibu wa mradi wa afya enzi zile, siku hizi ni mzee wa fimbo na kofia nyeupe, kila msiba anapewa kiti cha mbele. Akasema, "Marehemu alikuwa mtu wa kuridhika. Mtu mrefu vile tulimpa baiskeli ndogo, na hakulalamika hata siku moja. Vijana wa leo wajifunze." Wenzake wakaitikia, "Kweli kabisa, mzee." Mimi nilikuwa nimeshika tonge la wali, nikalirudisha kwenye sahani. Rajabu alilalamika. Alilalamika mara tatu, tena mbele ya Kibwana huyo huyo, na mara mbili katika hizo nilikuwa nimesimama ubavuni pake, maana tulikuwa tunalalamika wote wawili. Sasa kama mtu anaweza kutoka kuzika, udongo bado uko kwenye kucha, akakaa kwenye kiti akasema uongo kama ule, basi na mimi Zuhura niliyeishia darasa la tano nitachukua daftari niandike, na majina nitayataja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mradi ulikuja ukachagua watu kumi na wawili kutoka vijiji vya mlimani juu ya Mkuyuni, wenye miguu ya kutembea na wanaojulikana na watu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka dawa kwa wagonjwa wa kifua walioshindwa kuteremka zahanati, na kuwasimamia mpaka wazimeze mbele ya macho yetu. Tulifundishwa wiki mbili kwenye chumba cha darasa pale Mkuyuni, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti ya Rajabu yakiinua dawati zima kila alipokohoa. Mchana tulikula wali na maharage, mchicha pembeni, na chai ambayo mpishi alitupia maganda ya mdalasini kama anatupa kuni, mpaka leo nikinusa mdalasini nakiona kile chumba, ubao wenye ufa, na Kibwana mbele yake na viatu vyake vinavyong'aa. Alikuwa anajua kuongea, sitamnyima hilo. "Nyinyi ndio madaktari wa milima hii," alitwambia. Nilirudi nyumbani nikalirudia neno lile peke yangu nikiwa nachambua mboga. Nilikuwa sijawahi kuitwa kitu chochote zaidi ya jina langu.

Siku za mwisho za mafunzo zikaja baiskeli. Zilifika na lori zikiwa kwenye maboksi, baiskeli za gia za kupandia milima, rangi ya bluu, na pamoja nazo akaja fundi wa kuziunga. Huyu ni Fundi Salumu, mwenye duka la baiskeli kule mjini Morogoro, karibu na soko. Alikaa siku mbili barazani pa shule anakaza bolti, anakula na sisi, anatania na sisi. Kila baiskeli ilikuwa na karatasi ya gundi kwenye bomba lililo chini ya siti, na kwenye karatasi pana namba. Nyingine kumi na sita, nyingine kumi na nane, chache ishirini na moja. Tukazizunguka kama wateja wa mbuzi. Mwalimu mmoja wa pale akapita, akainama, akasema, "Hizo ni idadi ya gia." Basi, neno la mwalimu. Kwa hiyo ishirini na moja ndiyo yenye gia nyingi, ndiyo bora, na kumi na sita ni ya kujazia. Fundi Salumu alikuwa hatua tatu kutoka pale, anajaza upepo. Alisikia. Aliendelea kujaza upepo.

Zigawanywe vipi? Hapo ndipo mwenyekiti wetu wa kijiji, Mloka, akasimama. Mwaka uliotangulia Mloka aligawa majembe ya msaada, na majembe mazuri yote yakaangukia kwa shemeji zake, watu wakasusa hata mikutano. Safari hii hakutaka maneno. Akavua kofia yake, akasema, "Tupige kura. Atakachopata mtu ni chake, asije mtu kusema Mloka kapendelea." Watu wakashangilia, na mimi nikashangilia, nisijitoe. Sisi watu wa kule tulikuwa tumedhulumiwa kwenye kila mgao, kwa hiyo kwetu haki ilikuwa ni kura. Ukipata kwa kura hakuna wa kukuangalia vibaya. Ila hebu niambie, wewe unayesoma, umeona wapi viatu vinapigiwa kura? Suruali je? Kibwana alifurahi mno. "Huu ndio uwazi!" akasema, na akampigia Mloka picha akiwa ameshika kofia imejaa vikaratasi.

Nilichomoa ishirini na moja. Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wa shule wakatawanyika. Nyuma yangu akaja Rajabu, mtu ambaye kichwa changu kinamfika kwenye mfuko wa shati, akachomoa kumi na sita. Watu walivunjika mbavu. "Rajabu, hiyo itabidi wewe uibebe!" "Magoti utayatia mfukoni, kaka!" Naye akacheka, akaipanda akazunguka uwanja kama panzi, ili wacheke zaidi. Jioni ile ile mchora mabango akaandika jina la kila mmoja wetu kwa rangi nyeupe kwenye bomba la juu. ZUHURA, kubwa, inasomeka toka barabarani. Nikaisukuma mpaka nyumbani kwa njia ya mzunguko ili wengi waione. Nayaandika haya kwa sababu nataka kusema kweli yote. Siku ile nilijivuna.

Kujivuna kuliisha kesho yake asubuhi. Nilipojaribu kusimama juu ya ile baiskeli, bomba la juu lilinigota kabla miguu haijagusa chini. Nilisimama kwa ncha za vidole, na hata hivyo lazima niilaze upande. Siti niliishusha mpaka mwisho wake, haikusaidia, kwani urefu haukuwa kwenye siti, ulikuwa kwenye chuma chenyewe. Nikishika usukani mikono inanyooka yote, mgongo unavutika, kama ngozi iliyowambwa juani. Kupanda mlima niliweza, maana unaenda polepole na ukichoka unadondokea kando kwenye majani. Shida ni kuteremka, na zaidi ya kuteremka, kusimama. Sikuweza kusimama mahali popote. Ikanibidi nijifunze mawe. Pale kwa mzee wa mikarafuu kuna jiwe bapa, pale kwenye kijito kuna kisiki, pale kwenye kona kuna ukingo wa udongo, nikitaka kusimama nahesabu mpaka nifike hapo, natua mguu mmoja juu yake. Njia nzima ya milima ile niliijua kwa mawe ya kutulia mguu. Mgonjwa akiniita kutoka nyumbani kwake, "Zuhura, simama kidogo!" napita kwanza, nakwenda kusimama kwenye jiwe langu mita mia mbele, ndipo narudi kwa miguu. Wakasema nina maringo.

Rajabu naye alikuwa anateseka kwa namna yake. Magoti yake yaligonga usukani kila alipokata kona, kwa hiyo alipanda kayatanua nje kama chura, amejikunja, kidevu kinakaribia mikono. Mwezi wa tatu wa kazi magoti yalikuwa yamevimba, yanalia akichuchumaa. Tulikuwa tunakutana kila Jumatatu kwenye njia panda kugawana dawa, na Jumatatu moja akanitazama, akaitazama baiskeli yangu, akasema, "Hebu nipe hiyo mara moja." Tukabadilishana. Jamani! Nilisimama, nyayo zimelala chini zote, nikafunga breki, nikaachia, nikafunga tena, nasimama tu kwa raha ya kusimama. Yeye akanyoosha miguu yake ile mirefu, akapanda kilima akashuka, anaimba. Tulicheka kama watoto, kama nusu saa hivi. Mama mmoja aliyebeba magimbi akapita, tukamsalimia, akaitikia, akaenda zake na macho yake, nasi tukarudishiana, kila mmoja yenye jina lake.

Tulikwenda ofisini kwa mwenyekiti siku Kibwana alipokuja kukagua. Chumba kidogo, meza moja, kalenda ya mwaka uliopita, na harufu ya karafuu za mtu zilizohifadhiwa kwenye magunia pembeni. Rajabu akaeleza vizuri tu, kwa adabu. Kibwana akafungua daftari lake. "Rajabu, kumi na sita. Zuhura, ishirini na moja. Majina yameshaandikwa, na nakala imeshakwenda mjini."

"Tufute, mzee, tuandike upya," Rajabu akasema.

"Mali ya mradi haifutwifutwi. Leo nyinyi, kesho watakuja kumi wengine."

Mloka akadakia. "Mlipiga kura wenyewe. Mungu kawagawia kwa mikono yenu wenyewe. Sasa mnamkosoa?" Halafu akanigeukia mimi, sauti chini, kama mtu anayenisaidia. "Na wewe binti, jiangalie. Watu wanaongea."

Walikuwa wanaongea kweli. Yule mama wa magimbi alikuwa amefika kwa Mwajuma, mke wa Rajabu, kabla sisi hatujafika njia panda ya pili. Mwajuma akanijia kisimani mbele za watu. "Wewe una nini na mume wangu mpaka umpe baiskeli yako ya gia ishirini na moja? Mtu haachi kubwa akachukua ndogo bure bure!" Nikamwambia miguu yangu haifiki. "Miguu yako inafika kwangu, kwenye hiyo baiskeli ndiyo isifike chini?" Wenzangu wakacheka. Na wale walionipenda nao walinishauri hivyo hivyo, kwa huruma yao, "Usikubali, shoga. Huyo mwanaume anataka gia zako. Kila tukipata kizuri lazima waje wakichukue." Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaonitetea haki yangu ya kuvunjika. Mwajuma leo amekaa eda, na siku ile ya msiba nilipoingia kumpa pole aliniambia kwamba magoti ya Rajabu ameyakanda kwa mafuta ya nazi miaka yote hii, mpaka wiki ya mwisho. Kama alikuwa ananiomba msamaha alipaswa aseme hilo neno lenyewe.

Mara ya pili tulilalamika kwenye mkutano wa wote kumi na wawili, pale pale shuleni, mwanzo wa masika. Rajabu akakunja suruali akaonyesha magoti. Kibwana akayatazama, akasema, "Utazoea." Nikasimama mimi, na sikuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Nikasema, "Mzee, mimi siwezi kuweka miguu chini. Nikitaka kusimama siwezi." Kibwana akatabasamu, akawageukia wenzangu kwanza ili wajiandae kucheka. "Baiskeli si ya kusimama, dada. Ni ya kwenda." Wakacheka, chumba kizima, na yule mwalimu wa gia akapiga meza. Nikakaa. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba mambo ya zamani uyaache yapite. Mimi kile kicheko nikikumbuka hata leo nikiwa naosha vyombo, nasimama na maji mkononi.

Hazikupita wiki mbili. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha siku mbili mfululizo, nateremka kutoka kwa mgonjwa wa juu kabisa, udongo mwekundu unateleza. Kwenye kona yangu ya ukingo wa udongo nikamwona mbele mzee anapanda na mkungu wa ndizi kichwani, njia ni nyembamba, upande mmoja bonde. Nikafunga breki, nikanyoosha mguu wa kushoto kwenda kwenye ukingo kama siku zote. Ukingo haukuwepo. Mvua ilikuwa imeuchukua. Mguu ukaenda, ukaenda, haukukuta kitu, nami nikadondokea bomba la juu kwa uzito wote, baiskeli ikanilalia, tukaporomoka wote wawili mpaka kwenye migomba ya mtu. Sikupoteza fahamu, afadhali ningepoteza. Nilimsikia yule mzee anapiga kelele kuita watu, na nilikuwa nasoma jina langu kwa rangi nyeupe, limenikalia juu ya kifua. Walinibeba kwa machela ya fito mpaka barabarani.

Hospitali mjini nililazwa wiki nyingi, mguu umening'inizwa na mfuko wa mchanga, natazama feni isiyozunguka. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika na paja limechomoka mahali pake. Wa kitanda cha pili alikuwa mama mcheshi, alikuwa ananigawia uji na kuniuliza habari za kwetu, na ni yeye aliyeniambia, "Usisaini usichokielewa," siku Kibwana alipokuja na karatasi. Lakini nilikielewa, nilikisoma neno kwa neno, kidole chini yake. Ilisema nimepata mafunzo, nimepewa kifaa kinachofaa, na nimeanguka kwa kutokuwa mwangalifu. Nilirudi kwenye lile neno, kinachofaa. Kibwana alikuwa amesimama na kalamu imeshafunguliwa, muuguzi ameshikwa kuwa shahidi. "Ni utaratibu tu, binti yangu." Nilikuwa nimeshamwamkia shikamoo alipoingia, naye ameshaitika marahaba, na ukishamwamkia mtu mzima huwezi tena kumwambia ni mwongo. Ndivyo tulivyolelewa. Nikasaini. Karatasi ile iko mahali fulani, na ndani yake nimejishtaki mwenyewe.

Rajabu alikuja kuniona akiwa na machungwa kwenye kitambaa. Mwajuma alikuwa amemruhusu, maana sasa sikuwa wa kuonewa wivu. Alikaa kwenye benchi, miguu ameinyoosha mpaka katikati ya njia, wauguzi wanairuka. Akaniambia baiskeli yangu imenyooshwa, haikuumia sana. Akaniambia amekwenda kuiomba, yeye peke yake, akawaambia kwamba mwenyewe amelazwa, sasa hakuna wa kugombana naye, nipeni. Ndiyo mara ya tatu hiyo. Kibwana akamjibu, "Kura yako ilishatoka, Rajabu." Wakampa Selemani, mpwa wa Mloka, ambaye hakuwa hata katika wale kumi na wawili.

"Na jina langu?" nikamuuliza.

"Walilifuta."

"Si walisema halifutiki?"

"Walichukua msasa, Zuhura. Chai iliwekwa jikoni, na haijachemka wakawa wameshamaliza." Akamenya chungwa, akanipa nusu, na yeye akala nusu.

Mwisho wa mwaka ule nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu mtaa wa Kilakala, hapo hapo mjini, kwa ajili ya kliniki. Siku moja nikitoka kliniki sikurudi moja kwa moja. Nilikwenda na gongo langu la kutembelea taratibu mpaka dukani kwa Fundi Salumu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anaziba pancha, akanitazama, akalitazama gongo.

"Wewe si wa wale wa Mkuyuni?"

"Ndiye mimi. Fundi, zile namba kwenye bomba zilikuwa za nini?"

Akajibu bila hata kuinua kichwa, kama nimemuuliza leo ni siku gani. "Kipimo cha fremu, inchi. Kumi na sita ya mfupi, kumi na nane ya wastani, ishirini na moja ya watu warefu. Mtu anasimama, bomba liko katikati ya miguu, nyayo zote chini. Ya barabarani vidole viwili vikipita hapo juu ya bomba inatosha. Ya mlimani lazima ipite ngumi, kwa sababu huko unashuka ghafla. Halafu unaweka kiwiko kwenye ncha ya siti, vidole vikaribie usukani. Dakika mbili tu, umeshampima mtu."

"Ulijua siku ile?"

"Ndiyo kazi yangu, dada."

"Ulikuwepo. Ulimsikia mwalimu anasema ni gia. Ulikuwa unakula na sisi."

Akaweka tairi chini. "Niliitwa kuunga baiskeli, sikuitwa kupima watu. Mratibu yupo, mwenyekiti yupo, mwalimu ameshasema. Mimi fundi niseme nini? Na nyinyi wenyewe mlikuwa mnapiga vigelegele."

Vigelegele vilipigwa kweli, na hilo nalo sijamsamehe, kwamba alikuwa na la kujitetea. Nikamuuliza kama anayo kumi na sita. Alikuwa nayo moja, nyekundu, imening'inizwa mlangoni. Akaishusha. Nilimwambia ailaze chini, kwa kuwa mguu wangu hauinuki kuvuka, nikaingia katikati yake kwa gongo, naye akaiinua polepole mpaka bomba likakaa mahali pake. Ardhi ilikuwepo. Nyayo zangu zote mbili, kisigino na vidole, zilikuwa zimelala kwenye saruji ya duka lile. Nikakunja ngumi nikaipitisha juu ya bomba, ikapita, na nafasi ikabaki. Nyonga ilikuwa inawaka moto lakini sikusogea. Watu walikuwa wanapita barabarani na mafurushi yao ya sokoni, na mimi nimesimama tu.

Akaja mteja, mwanaume wa makamo, akaipenda ile nyekundu. Akaniuliza kwa upole, "Samahani dada, hii umeshaichukua?"

Fundi Salumu akamjibu kabla yangu. "Hapana, huyu anapima tu."